Fundi Aliyepona Kanisani

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi kwa mawakili, huniuliza kwa uso wa furaha nimewasaidia wanyonge wangapi. Hapo natamani niwaambie nilikuwa nauza vitumbua. Mimi sikuwasaidia wanyonge. Nilikuwa upande wa mdaiwa. Mtu akiteleza dukani akavunjika nyonga, humshtaki mwenye duka. Mwenye duka ana bima, bima ina mawakili, na mawakili wana mtu anayepanga makaratasi yao, anayewatafuta mashahidi, anayejua kila jalada limelala wapi. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu mume wangu.

Sasa mjukuu wangu Lerato ameajiriwa na ofisi ya namna ileile huko Midrand, jengo lenye vioo mpaka chooni. Rafiki zake, watoto wa Kikongo na Kikenya waliozaliwa hapahapa, nao wameingia kazi hiyohiyo. Wameniomba niwaandikie ninayoyajua. Wangependa niandike Kiingereza, nimekataa. Kiswahili ndiyo lugha ninayoweza kugomba nayo vizuri, na humu ndani kuna mahali nitagomba. Neno likiwashinda, waulizeni wazazi wenu. Angalau mtakuwa mmezungumza nao.

Ujuzi nitawapa, msiwe na wasiwasi. Lakini nawaambia mapema kwamba ninayetaka mumjue ni fundi cherehani mmoja wa Rosettenville, Papa Ilunga, aliyewadai wateja wetu fidia ili apasuliwe mgongo na arudi kukaa kwenye mashine yake. Kila nikianza kueleza kazi hii, kwa mlango wowote nitakaoingilia, najikuta nimefika kwake.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Mume wangu alikuwa mmoja wa vijana wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni kule kwetu, na nchi yao ilipofunguka tukaja wote, na mtoto mgongoni. Tulidhani nchi inatusubiri. Haikuwa inamsubiri mtu. Mume wangu alikaa nyumbani akingoja kuitwa, na mimi nikaenda kuchemsha chai katika ofisi ya mawakili mjini. Kutoka chai nikapelekwa kwenye mashine ya kunakili, na kutoka hapo nikaangukia mikononi mwa Tannie Hester.

Tannie, yaani shangazi kwa lugha yao, Hester alikuwa mama wa Kiafrikana, Kaburu, mwembamba, mvutaji wa sigara, ambaye mawakili waliosoma wote walimwogopa. Mara ya kwanza aliponipa jalada nikaanza kulisoma kutoka mwanzo, kama mtu mwenye adabu zake. Akaninyang'anya, akaligeuza.

“Soma kutoka nyuma, Rehema,” akasema. “Mbele watu huweka wanachokipenda. Wanachokiogopa hukificha nyuma, kwenye viambatisho.”

Hilo lishikeni. Lingine: kurasa ziandikeni namba kwa penseli kwanza, kwa maana siku ya mwisho haikosi kuja karatasi mpya inayotaka kuingizwa katikati. Najua siku hizi mnapakia kila kitu kwenye mtandao na kompyuta inahesabu yenyewe. Ngojeni umeme ukatike asubuhi ya kesi, ndipo mtakapoikumbuka penseli ya bibi yenu. Mkienda mahakamani bebeni pini, plasta, peremende, na kola nyeupe ya akiba, kwa sababu yule wakili anayevaa joho na kusimama mbele ya jaji, tunayemwita adivoketi, ni mtu wa kusahau. Na chooni msizungumze habari za kesi kabisa. Katika choo cha pili yupo mama mzazi wa mdai, na masikio yake hayana kazi nyingine siku hiyo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Kuna siku ofisi ilitaka kumwita shahidi mmoja wa Diepsloot, mtaa wa vibanda visivyo na namba, mama aliyeshuhudia ajali ya lori. Tukamtuma sherifu wa mahakama apeleke wito. Akaurudisha, ameandika kwamba nyumba hiyo haipo. Tukamtuma tena, akaandika vilevile, safari hii kwa hasira. Ikabidi niende mwenyewe. Nikasimama kwenye spaza ya kwanza niliyoiona, viduka vya mtaani, nikanunua mkate nisiouhitaji, nikamsalimu mwenye duka na kumuuliza hali ya watoto. Kisha nikamuuliza habari za yule shahidi. Mwenye duka akaonyesha kwa kidevu. Alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye kreti ya soda, anasuka mtu nywele. “Yule mzungu wa gari jeupe?” yule mama akaniambia nilipomtaja sherifu. “Eish, mama, alikuja. Hakushuka.” Basi mkitaka kumpata mtu, shukeni kwenye gari.

Haya ndiyo mambo ya kuchekesha, na si mengi. Sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa maumivu ya watu wengine yaliyoandikwa kwa chapa. Unafungua jalada asubuhi, ndani kuna mguu wa mtoto. Unafungua la pili, kuna mjane. Kazi yako ni kuandaa majibu, na majibu ya upande wa mdaiwa karibu yote huanza kwa namna moja: hatukubali, hatujui, na athibitishe. Mtu amefiwa, nawe unaandika kwamba hujui kama amefiwa, na athibitishe. Mwanzoni nilikuwa nikiandika hivyo halafu nakwenda kunywa maji.

“Hatuwachukii,” Tannie Hester aliniambia. “Hatuwaamini tu. Kazi yetu ni hiyo. Wapo waongo, na wapo wakweli, na hao wote wanakuja na sura moja. Usipomshuku mkweli, mwongo atapita nyuma yake.”

Alisema kweli. Niliwaona waongo kwa macho yangu, tena hodari, wenye kola ya shingo, ile ya wagonjwa, wanayoivaa langoni mwa mahakama na kuivua kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, wakirudi nyumbani. Zamani tuliwakodishia wapelelezi wa kukaa ndani ya bakkie, gari la pikapu, na kamera, wanakula chipsi siku nzima wakingoja mtu wa mgongo mbovu abebe mfuko wa simenti. Siku hizi bakkie haina kazi. Mdai anajipeleleza mwenyewe. Anajipiga picha harusini, anajipiga akicheza mpira, anaitupa mtandaoni watu wote waone, halafu anashangaa kwamba na sisi ni watu.

Papa Ilunga hakujipiga picha. Alipigwa na kanisa lake.

Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mrefu, wa makamo, mwenye duka dogo la ushonaji Rosettenville, jirani na Mreno anayeuza samaki. Aliwashonea Wakongo wa kusini yote ya mji suti za harusi. Siku moja aliingia katika duka kubwa kununua unga, akateleza kwenye maji yaliyokuwa yamemwagika mlangoni bila alama yoyote, akaangukia mgongo. Tangu hapo, kwa maneno yake, hakuweza kukaa. Kusimama aliweza, kutembea na fimbo aliweza, kulala aliweza kwa upande mmoja. Kukaa ndiko kulikomshinda, na fundi cherehani asiyekaa ashone nini? Mke wake, Mama Béa, alikuwa akisuka nywele kwenye baraza la duka lile ili pango lipatikane.

Ubaya wa kesi yake ulikuwa kwamba maumivu hayana picha. Daktari wao alitazama picha za mgongo akasema hapa pana jambo, apasuliwe. Daktari wetu alitazama picha zilezile akasema huu ni mgongo wa mtu wa umri wake. Madaktari wakipingana namna hiyo, kesi inabaki juu ya kitu kimoja tu, nacho ni kama jaji atamwamini mdai anaposema anaumwa. Akimwamini, atapasuliwa na atarudi kwenye mashine. Asipomwamini, basi.

Mkuu wangu, wakili Venter, aliniita nikamkuta anatazama video kwenye kompyuta. “Sis Rehema, hiki ni Kiswahili?” Nikasikiliza. Kilikuwa Kiswahili, kile cha Wakongo. Ibada ya Jumapili, ngoma zinalia, na mhubiri anamwita mtu mbele: “Papa Ilunga, njoo! Kiri! Kiri kabla hauyaona!” Yaani, kabla hujaona. Papa Ilunga akaja na fimbo yake. Akaitua sakafuni, akainua mikono miwili, akasema Bwana amemponya mgongo, hauumi tena, ameingia na fimbo na atatoka bila fimbo. Kanisa zima likasimama. Siku ya ibada ile ilikuwa baada ya yeye kutushtaki.

“Anasema amepona?” Venter akauliza.

“Anasema amepona,” nikajibu. “Lakini ngoja nikuandikie.”

Nikatafsiri kila neno, na ya mhubiri pia. Na kwa kuwa Venter alikuwa mtu mwenye kusikiliza, nikamwongezea maelezo yangu. Mimi ni Mlutheri, kwetu tunaomba kimya. Lakini nimehudhuria maziko na harusi za watu wa makanisa haya, nayajua. Kule mtu hukiri uponyaji kabla haujaja. Hiyo ndiyo imani yenyewe. Ukisubiri upone ndipo useme umepona, umekuwa ripota, hujaamini. Na ukishakiri, ole wako ukirudi kusema bado unaumwa, kwa maana utakuwa umeukana muujiza na utaupoteza. Nikaandika kwamba maneno yale si taarifa ya hali ya mgongo. Ni sala, ingawa haikusemwa kwa namna ya kuomba.

Venter alisoma mpaka mwisho, akayapeleka kwa adivoketi wetu, mama mmoja wa Soweto aitwaye Mokoena. Nilikuwepo alipoyasoma. Akavua miwani.

“Haya nayajua,” akasema. “Mama yangu alitoa ushuhuda kama huu kila mwaka mpaka tulipomzika. Kisukari.”

Nikafurahi. Nikadhani sasa video ile itawekwa kando. Nikamwambia, basi akiulizwa atajieleza tu, atasema ni mambo ya imani, na jaji ataelewa.

Mokoena akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa ya kunihurumia mimi. “Hatajieleza, Sis Rehema,” akasema. “Wenzake watakuja kumsindikiza. Watajaza viti. Mchungaji atakaa mbele. Mama yangu asingejieleza.”

Sikilizeni hapa, enyi wenye digrii. Siku zote wanawafundisha kwamba dhuluma hutokana na watu kutokuelewana, kwamba laiti tungejua mila za kila mmoja, mambo yangenyooka. Uongo. Mokoena alimwelewa Papa Ilunga kuliko wakili wake mwenyewe alivyomwelewa, na hicho ndicho kilichommaliza. Na tafsiri ilikuwa safi, haina kosa. Niliitengeneza mimi.

Sheria inataka video ya namna hiyo wapewe watu wa upande wa pili mapema, nasi tuliwapa, pamoja na tafsiri nzima, na “kiri kabla hauyaona” imo. Wakili wa Papa Ilunga alikuwa mtu wa majalada mengi, anayelipwa akishinda tu. Nasadiki alimpigia simu akamuuliza kwa Kiingereza kama ni yeye kwenye video, naye akaitikia kuwa ni yeye, ni kanisa lake, na basi. Hakusoma kutoka nyuma.

Asubuhi ya kesi nilifika na troli langu la majalada. Kwenye korido ya mahakama nikamkuta mkalimani, kijana wa Burundi, nikamsalimu. Sauti yangu ikamfikia Papa Ilunga aliyekuwa amesimama ukutani, amevaa suti ya kijivu ambayo bila shaka alijishonea mwenyewe, maana mabega yalikaa kama yamemiminwa. Akanijia polepole na fimbo yake, anacheka.

“Jambo, mama! Weye uko mutu ya wapi?”

“Morogoro, Papa. Tanzania.”

“Ah! Mi niko wa Lubumbashi. Kusikia Kiswahili humu, roho yangu inafurahi kabisa.”

Katika kazi yetu huruhusiwi kuzungumza na mtu wa upande wa pili bila wakili wake. Ni sheria nzuri, msiivunje. Lakini hakuna Mswahili aliyefundishwa namna ya kumkatisha mtu mzima katikati ya salamu. Nikamwambia, “Papa, unisamehe. Mimi niko upande ule. Siruhusiwi kuongea nawe.”

Akatazama troli, akatazama chumba nilichokuwa nikielekea. Kicheko kikamtoka usoni, lakini hasira haikuingia.

“Ni kazi,” akasema. “Mungu akubariki, mama. Hata benye kuwa upande ile, Mungu anabapenda.”

Afadhali angenitukana. Nyuma yake kanisa lilikuwa limekwisha fika, akina mama wa vitenge na akina baba wa tai, na mchungaji wao, kijana mnene mwenye sauti nzuri. Walishikana mikono koridoni wakamwombea. Mama Béa alikuwa amekumbatia mto wa kukalia, maana kwao fimbo na mto havifuti muujiza, unaufuta ulimi ukisema unaumwa.

Asubuhi alihojiwa na wakili wake, na ilimwendea vizuri. Alieleza maji, alieleza kuanguka, alieleza mashine yake inavyokaa na vumbi. Jaji, mzee mpole, alimruhusu atoe ushahidi amesimama. Kisha Mokoena akasimama. Alikuwa na sauti ya chini siku zote, na siku ile aliishusha zaidi. Akaomba video ionyeshwe.

Ngoma zikalia ndani ya mahakama. Wale akina mama nyuma wakasahau mahali walipo, mmoja akasema “Amina”.

“Huyo ni wewe?” Mokoena akauliza, na mkalimani akafasiri.

“Ni miye.”

“Uliyoyasema pale ulimwambia nani?”

“Mungu. Na batu yake.”

“Ulisema kweli au ulisema uongo?”

Papa Ilunga akaihamishia fimbo mkono wa pili. Mkalimani akadhani hakusikia, akarudia. Nilimtazama wakili wake, nikingoja asimame apinge, aseme neno lolote. Alikuwa anaandika kitu.

“Bwana Ilunga,” Mokoena akasema taratibu, “asubuhi umeiambia mahakama kwamba mgongo haukuruhusu kukaa. Pale umemwambia Mungu kwamba huumwi. Nataka kujua tu. Ni nani kati yao uliyemdanganya?”

Mlango ulikuwa wazi hata hivyo. Angeweza kusema, ile ni imani, mheshimiwa, mgongo bado unaniuma. Sentensi moja. Jaji mwenyewe aliiona, akajaribu kumsogezea. “Chukua muda wako,” akasema. “Jieleze kama unataka kujieleza. Leo hii, ukiwa umesimama hapo, unaumwa?”

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mokoena, kiti changu cha siku zote, kwa hiyo nilimwona Papa Ilunga uso kwa uso. Hakumtazama jaji. Alitazama viti vya nyuma kwa muda mrefu. Nilijiambia: sema, mzee, sema, nani atakulaumu? Mimi, mtu wa upande wa mdaiwa, nilikuwa nafinya kalamu nikimwombea aseme neno ambalo lingetushinda.

“Mungu hasemi uongo,” akasema mwisho. “Nilisha pona.”

Mkalimani akafasiri. Nyuma mtu akalia kwa furaha. Jaji akaandika. Mokoena akasema hana swali jingine, akakaa, na nikaona mkono wake unatafuta bilauri ya maji bila kuipata. Wakili wa Papa Ilunga aliulizwa kama anataka kumuuliza mteja wake maswali ya kusawazisha. Akasema hapana.

Wakati wa chakula mawakili walikubaliana haraka, kama watu wanaogawana mzigo usio wao. Papa Ilunga aondoe madai, na sisi tusimtoze gharama za kesi. Karatasi ikachapwa. Mkalimani alikuwa ameitwa chumba kingine, na wakili wake akaniuliza, mbele ya Venter, kama ningemsomea mteja wake kwa Kiswahili ili watoke mapema. Venter akaitikia kwa kichwa. Ndivyo nilivyopewa ruhusa ya kuzungumza naye.

Tulikuwa katika kile chumba kidogo cha mashauriano, yeye amesimama, mimi nimesimama, wakili wake mlangoni anaongea na simu. Nikamsomea. Kisha nikaiweka karatasi mezani, nikaifunika kwa kiganja. Niliyoyasema hapo yangeweza kunifukuzisha kazi, na sikujali.

“Papa, ukitia saini hapa, imekwisha. Hutarudi kudai tena, hata mgongo ukivunjika vipande viwili. Umeelewa?”

“Nimeelewa, mama.”

“Kesi haijafungwa. Wakili wako yule pale. Mwambie aombe urudi kizimbani, ueleze ile ibada ilikuwa nini. Jaji anataka kukusikia. Nimemwona.”

Akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mjinga, msimdhanie hivyo. Alijua kila kitu nilichokuwa nikikijua.

“Kuko mama moja kule kanisa,” akasema. “Mutoto yake iko na ugonjwa ya damu. Kila siku ya Mungu, ule mama ananiangalia mi. Anasema, kama Papa Ilunga alipona, mutoto wangu atapona. Leo alikuja. Alikaa pale nyuma. Mi nikisema bado naumwa, ule mama atarudia nyumba na nini?”

Mkilipata jibu la swali hilo, msiniletee. Akasogeza mkono wangu kwa adabu, akatia saini, herufi nzuri za mtu aliyezoea chaki ya kitambaa.

Wengine hupenda kujua ya baadaye. Duka lile sasa linatengeneza simu. Mama Béa alihamia kusuka nywele mjini. Papa Ilunga mwenyewe, nilivyosikia kwa Mreno wa samaki, alirudishwa Lubumbashi amelala kwenye kiti cha nyuma cha basi, na kama alipasuliwa huko au la, hakuna aliyeniambia. Yule mtoto wa ugonjwa wa damu sikuuliza habari zake. Hilo niliogopa.

Mimi niliendelea na kazi mpaka nikastaafu, na nanyi mtaendelea na yenu. Siwaambii muache. Mtu ana kodi, ana karo, ana mzee wa kutunza, kazi ni kazi. Na upande wa mdaiwa lazima awepo mtu, la sivyo kila mwenye kola ya shingo atatajirika. Ninalotaka ni moja: siku mtakapomwamini mtu wa upande wa pili, na siku hiyo itafika, msijidanganye kwamba hamkumwamini. Mwaminini, muumie, kisha muendelee kupanga kurasa. Wasiofanya hivyo niliwaona pia. Mwishowe walikuwa hawawaamini hata watoto wao.

Siku ile, tulipotoka chumba cha mashauriano, wakili wake alikuwa ameshika njia zake. Mama Béa alikuwa ametangulia kuwaambia wenzake kwamba mambo yamekwisha, na huko chini, mlangoni mwa mahakama, tulisikia wameanza kuimba. Waliimba wimbo wa ushindi. Papa Ilunga akashuka ngazi ya kwanza, akasimama. Akanishika mkono karibu na bega, na uzito wake wote ukanijia.

“Mama, simama mbele yangu,” akasema. “Basinione.”

Nikasimama mbele yake. Alikuwa ameuma meno, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola ya suti ile nzuri, machozi yanashuka bila sauti hata kidogo. Nikamuuliza nimwite mke wake. Akakataa.

“Yeye pia anaamini,” akasema. “Weye uko upande ile. Mbele yako naweza kulia.”

Tukabaki hivyo mpaka wimbo ulipofika kibwagizo mara kadhaa. Kisha akajifuta uso kwa tai, akaniachia mkono, akanipa fimbo yake niishike, akashuka ameshika ukingo wa ngazi. Kwenye kona ya mwisho, kabla hawajamwona, akauachia na ukingo. Akainua mikono miwili, akatoka nje kwa watu wake, nao wakapiga kelele za furaha barabara nzima ikageuka.

Nilipanda tena juu na ile fimbo mkononi. Venter alikuwa anafunga mkoba wake. Akaniuliza kama mzee ametia saini. Nikamwambia ametia.

“Sharp,” akasema. “Hebu nipe jalada la kesho.”

Nikampa.